Futi kamba, dirisha na miwani ya elfu tano

Mtoto wa jirani alikuwa akinitungia uzi kwenye sindano kwa pipi moja. Akitoka madrasa jioni anapita mlangoni kwangu, namwita, "Njoo mwanangu, macho yako bado mapya," anachukua sindano, analamba ncha ya uzi, chap, umepita. Siku moja akasimama na sindano mkononi, hajatunga, akaniambia, "Bibi, sasa hivi ni pipi mbili." Kilichonichoma si ile pipi ya pili. Ni hilo neno bibi. Nilikuwa na miaka 45 na sina mjukuu hata wa kusingiziwa.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga, mwaka wa 22 huu nashona kwenye chumba kilekile cha mbele. Madera, magauni ya kitenge, sare za harusi, mabuibui, na ukija na suruali ya kupunguza sikufukuzi. Watu wanasema miwani ya kusomea, lakini kusoma kwangu mimi ni ujumbe wa wateja kwenye simu na vipimo kwenye daftari. Yangu ni miwani ya kushonea. Na nimeinunua kwa njia zote tatu: ya machinga, ya dukani ya bei ya kuuma, na ya cheti cha hospitali. Wateja wangu wengi wamefika umri wa kusogeza simu mbali mpaka mkono unaishia, na kila wiki kuna anayeniuliza: fundi, ninunue ya barabarani au niende kupima? Nimechoka kueleza huku nina pini mdomoni, ndiyo maana naandika.

Miwani ya kwanza niliipata karibu na stendi. Kijana amebeba ubao wa boksi, miwani imechomekwa safu kwa safu, juu ya kioo kuna stika ndogo yenye namba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Una miwani ya kusomea?"

"Ipo. Mama una miaka mingapi?"

"Kwani unataka kunioa?"

Akacheka. "Hapana mama, ni kwa ajili ya namba. Arobaini na tano ni moja na nusu. Hamsini ni mbili. Sitini, mbili na nusu." Alizitaja kama kondakta anavyotaja nauli. Nilimwona tapeli. Baadaye, nilipokaa mbele ya mtaalamu wa kweli, nikagundua jedwali la yule kijana haliko mbali sana na la hospitali, kwa sababu ugonjwa wenyewe, kama ni ugonjwa, unafuata umri. Ndani ya jicho kuna lenzi ndogo ambayo ujanani ni laini, ukitazama karibu inajituna. Miaka ikienda inakakamaa. Ukivuka 40 inaanza kugoma, na haigomi kwa sababu umeshona sana, wala kwa sababu ya simu, wala kwa kuwa ulisoma kwa kibatari utotoni. Mwenye kushona na asiyeshona wote wanafika.

Kijana akanipa kikaratasi cha ndani ya boksi la dawa nikisome. Nikamwambia weka, mimi nina kipimo changu. Fundi hakosi sindano na uzi kwenye mkoba. Nikavaa ile moja na nusu, nikatunga pale pale kwenye vumbi la stendi, mara ya kwanza, bila kulamba. Wallahi nilitaka kulia. Elfu tano nikampa bila kuomba punguzo, jambo ambalo anayenijua hataamini.

Kwa hiyo sitamsikiliza mtu anayeniambia miwani ya machinga ni takataka. Miaka miwili ya mwanzo ilinilisha. Mwanangu aliwahi kunisomea simuni habari za wachuma chai wa Assam, India: utafiti uliotoka 2018, wachumaji wenye miaka 40 na zaidi, nusu wakapewa miwani rahisi ya kuonea karibu na nusu wakasubiri. Wote waliongeza uchumaji, lakini ongezeko la waliopewa lilizidi la wenzao kwa kilo tano na ushei kwa siku, mikono ileile, majani yaleyale. Mimi sikuhitaji kuambiwa. Kabla ya miwani nilikuwa namaliza dera moja na kufumua nusu yake. Na Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2019, lilihesabu watu milioni 826 wasioona karibu kwa sababu tu hawana miwani. Ukisikia hivyo huwezi kumcheka kijana mwenye ubao wa boksi.

Ila aibu ya hiyo miwani ni kwamba haikai. Katika miaka mitatu nimenunua kumi na moja. Mmoja niliukalia. Mmoja uliingia kwenye ndoo ya maji ya pasi. Wa tatu mteja aliujaribu "kidogo tu" akaondoka nao, na kila nikimwona harusini ameuvaa. Bawaba inalegea, unafunga kwa uzi, vioo vinapata mikwaruzo. Kumi na moja mara elfu tano ni 55,000. Kumbuka hiyo hesabu, tutairudia.

Matatizo yalianza nilipofika 47. Alasiri ikiingia, kichwa kinanivuta, na kinavuta upande mmoja, juu ya jicho la kushoto. Nikasema namba imekuwa ndogo, nikapanda hadi mbili. Nafuu ya wiki mbili. Nikapanda hadi mbili na nusu. Hapo sasa sindano ya cherehani yenyewe ikaanza kuwa na ukungu, nikawa nainama mpaka pua inakaribia kugusa mguu wa cherehani ndipo nione. Mgongo ukaja juu ya kichwa. Akili yangu ilikuwa inaniambia kwamba namba kubwa ni kuona zaidi, kama vile taa ya wati nyingi. Sivyo. Namba kubwa inakuvuta karibu zaidi, basi. Mtu ambaye macho yake ya mbali ni mazima akivaa mbili na nusu, mwisho wake wa kuona safi ni sentimita 40. Mimi sindano yangu ya cherehani iko 45. Nilikuwa nimejifungia mlango mwenyewe nikabaki nje.

Halafu kulikuwa na kitu kingine ambacho sikuwa na jina lake. Buibui nyeusi, uzi mweusi, fundi yeyote anajua hiyo ni kazi ya kusali kwanza. Nikawa naona kwamba mshono uliosimama wima mbele yangu nauona, lakini nikigeuza kitambaa mshono ukalala, unafifia, kama chaki iliyopitiwa na kiganja. Nikifumba jicho la kulia inakuwa dhahiri zaidi. Mshono uleule, uzi uleule. Nikazoea kugeuzageuza nguo kama mtu anayetafuta upande wa mtandao. Sikumwambia mtu. Ungemwambia nani, na kwa maneno gani?

Nikaenda dukani. Duka la miwani lenye kiyoyozi, vioo ukutani, na binti mwenye maneno matamu kuliko halua. Sitalitaja, na wala halipo mtaani kwetu. Akaniweka kwenye mashine, nikatazama kipicha cha nyumba mwisho wa barabara, mashine ikalia tii, karatasi ikatoka. Dakika tano. Akaniambia, "Mama, wewe unahitaji progresivu, lenzi ya kisasa, juu unaona mbali, katikati unaona kompyuta, chini unasoma. Huvui tena miwani." Nikauliza bei. Na fremu, 360,000. Nililipa kwa awamu mbili, ya pili ikitoka kwenye pesa ya sare za harusi ya watu.

Nikaivaa nikarudi kwenye cherehani. Jamani. Ili niione sindano ilibidi ninyanyue kidevu kama mtu anayechunguliwa koo, maana sehemu ya karibu iko chini kabisa ya kioo, na ni nyembamba. Ukitazama pembeni, mistari inapinda. Nilitandaza kitambaa mezani, mita mbili, nikaweka rula ya mbao, rula ikaonekana ina tumbo. Nikahama kichwa, tumbo likahamia upande wa pili. Nilikata bitana ya gauni la mama mmoja kwa kuiamini ile miwani, nikaja kuipima kwa mkono: imeenda kombo kwa kidole kizima. Nililipa kitambaa cha watu.

Niliporudi dukani nikaambiwa, "Utazoea mama, ni wiki mbili." Baada ya wiki mbili: "Wengine mwezi." Baada ya mwezi: fremu haina kasoro, lenzi zimekatwa kwa ajili yangu, hazirudishwi.

Nisiwe mchoyo wa haki: nina shoga yangu mwalimu wa sekondari ana progresivu na haivui hata kulala. Anatazama darasa, anatazama ubao, anatazama daftari, juu chini, juu chini. Kazi yake imekaa wima, miwani yake imekaa wima. Mimi kazi yangu imetanda mezani kulia na kushoto. Kosa halikuwa la lenzi. Kosa ni kwamba hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani, na mimi, fundi mzima, nikanunua nguo bila kupimwa.

Baada ya hapo nikarudi kwa machinga kwa hasira, na huenda ningekuwa huko mpaka leo kama si kaka yangu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa dereva wa lori. Ana miaka 58. Naye alikuwa mteja wa ubao wa boksi: mbili, mbili na nusu, tatu, miaka sita anapanda ngazi. Kila miwani alisoma gazeti vizuri kabisa pale barabarani, akalipa, akaondoka. Tukaanza kumwona anagonga fremu za milango. Siku ya maulidi akamkanyaga mtoto aliyekaa pembeni yake, akasema hakumwona, tukamtania. Mkewe ndiye aliyemburuta hospitali. Wakampima presha ya macho, wakatazama ndani, wakaona mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo umekwisha liwa. Glakoma. Haikumuuma hata siku moja. Ugonjwa ule unakula pembeni kwanza, katikati unaiacha mpaka mwisho, na gazeti mtu analisoma kwa katikati. Kwa hiyo kipimo cha machinga, kikaratasi cha dawa, kaka alikuwa anakifaulu huku amepoteza dunia yote ya pembeni. Sasa anaweka matone kila usiku. Matone yanalinda kilichobaki, kilichokwenda hakirudi.

Daktari akamwambia: ndugu zako wa tumbo moja waje wote, hii inatembea kwenye ukoo. Na sisi watu weusi inatushika zaidi na mapema kuliko wengine. Nikafunga duka Jumatano, mimi na dada yangu tukaenda.

Nataka nieleze hicho kipimo polepole maana wengi wenu mnakiogopa au mnadhani ni ile tii ya dakika tano. Kwanza ubao wa herufi, jicho moja moja, mbali. Halafu kuna mashine inayokupulizia pumzi ya hewa jichoni, fuu, unaruka kama umepigwa kibao na jini. Hiyo ndiyo ya presha. Dada yangu alirukia kiti cha nyuma. Halafu matone ya kupanua mboni na taa kali, daktari anachungulia ndani. Mshipa wangu mzima, wa dada mzima, alhamdulillahi. Matone yale yanakufanya usione karibu saa kadhaa, kwa hiyo usipange kushona siku hiyo, na jua la Tanga ukitoka nje linakuchoma kama tochi. Tulirudi tumejitanda khanga mpaka puani, watu wanatupa pole wakidhani tunatoka msibani.

Miwani yenyewe tulipimiwa siku nyingine, na mtaalamu wa kupima miwani, kijana mpole mwenye lafudhi ya Bara. Alinivika fremu nzito ya chuma, ya mviringo, akawa anachomeka vioo kimoja kimoja. "Mama, hiki au hiki? Cha kwanza au cha pili?" Kama kuchagua laini ya kitambaa kwa vidole. Halafu akafanya jambo ambalo lingeniokolea laki tatu na sitini. Akaniuliza, "Kazi yako iko umbali gani na macho?"

Nikafungua mkoba, nikatoa futi kamba. Akacheka mpaka akakaa. Nilikuwa nimeshapima nyumbani, si kwa ajili yake, ni tabia tu: kutoka jichoni hadi sindano ya cherehani sentimita 45. Kushona kwa mkono, vifungo na pindo, 30 hadi 33. Simu, 38. Akaandika zote. Kumbe kadi yao ya kusomea wanaishika kwenye 40, kwa hiyo ukitoka na namba ya kadi, umetoka na miwani ya mtu anayefanya kazi kwenye 40. Akanifundisha hesabu ambayo mwanangu baadaye alisema ni ya fizikia ya kidato: chukua 100, gawa kwa sentimita. Sentimita 50 ni namba mbili. 40 ni mbili na nusu. 33 ni tatu. Hiyo ndiyo nguvu jicho linayohitaji kwa umbali huo. Macho ya umri wangu yanatoa sehemu yake, miwani inatoa inayobaki. Ukifika 60 na kitu, miwani inatoa karibu yote.

Karatasi yangu ilisema hivi kwa karibu: kulia +1.50. Kushoto +2.50, halafu namba ya pili yenye alama ya kutoa, -1.00, na 90 mwishoni. Nikauliza hiyo ya kutoa ni ya nini. Akanieleza kuwa kioo cha mbele cha jicho langu la kushoto hakikukaa duara kama mpira, kimekaa zaidi kama yai, kwa hiyo mistari ya upande mmoja inafika safi na ya upande mwingine inafika na ukungu. Nikamwambia, "Mshono wa wima nauona, wa kulala unafifia." Akaacha kuandika, akanitazama. "Nani alikwambia?" Nikamwambia buibui.

Kwa hiyo ndiyo hiyo sababu ya kichwa. Miwani ya machinga ina kitu kimoja kulia na kitu hichohicho kushoto, na hiyo ya yai haina kabisa. Nikivaa moja na nusu jicho la kulia linafurahi na la kushoto linavuta mzigo. Nikivaa mbili na nusu, kinyume chake. Akanitoa hofu pia kwamba nimejiharibia macho miaka yote hiyo. Mtu mzima haharibu jicho kwa miwani isiyo yake, anajitesa tu. Na upande wa pili wa imani hiyo, kwamba ukianza miwani macho yanakuwa mvivu, nao ni wa kutupa. Lenzi ingekakamaa hata kama ungevaa kikapu.

Akapima na katikati ya mboni hadi mboni: milimita 58. Uso wangu mwembamba, na miwani ya tayari hutengenezwa kwa uso wa wastani, wenye milimita sitini na kitu. Nikauliza kama hilo nalo ndilo linaniumiza. Akasema kwa namba ndogo ndogo tofauti hiyo ni ya kuvumilika, ingekuwa namba tatu na kuendelea ningeisikia. Nilimpenda kwa hilo. Muuzaji angeniambia ndiyo.

Akapunguza robo kila upande kwa ajili ya ile 45 ya cherehani, akaagiza lenzi za kawaida, zenye namba moja kioo kizima, hakuna juu wala chini. Lenzi 45,000, fremu ya plastiki nyeusi 35,000. Jumla elfu themanini. Na ile hesabu ya kumi na moja za machinga, 55,000, haiko mbali hivyo, sivyo? Huu ni mwaka wa pili nayo, bawaba haijacheza. Nikitaka vifungo nasogeza kitambaa kidogo mbali na zamani. Alasiri ikiingia, kichwa kimetulia, nasikia adhana ndipo najua imeingia.

Sasa dada yangu. Yeye ana miaka 51, anauza vitafunio, kazi yake ya karibu ni Kurani asubuhi na daftari la madeni jioni. Alipimwa kila kitu kama mimi. Macho yote mawili +1.75, hakuna ya kutoa, hakuna ya yai. Yule kijana akamwandikia karatasi kisha akamwambia wazi: "Mama, ukitaka nikutengenezee, nitakutengenezea. Lakini ya tayari ya moja na robo tatu itakufanyia kazi ileile, nunua hata tatu, weka moja msalani." Dada akanunua nne. Amesoma juzuu ngapi sijui, halalamiki.

Ndiyo maana swali la wateja wangu, ya barabarani au ya kupimiwa, siku hizi naona limekaa upande. Vitu viwili vimeshikana kwenye kichwa chao: kupima na kununua. Kupima, nenda. Ukifika 40 nenda, na kama kwenu kuna mwenye presha ya macho au una kisukari usingoje hata hiyo 40. Kupima kwangu kuligharimu kidogo kuliko gauni moja la mshono wa kawaida. Karatasi ukishaishika mkononi, kununua ni shauri lako na mfuko wako. Macho yakilingana na hayana yai, elfu tano inatosha na usimruhusu mtu akuaibishe. Yakipishana kama yangu, utanunua kumi na moja na kichwa kitabaki palepale. Na kama unavaa miwani ya mbali tangu shule, kama yule mteja wangu mhasibu, huenda huhitaji chochote: yeye akitaka kukagua mshono anavua miwani, anasogeza nguo puani, anaona hata uzi niliouruka. Simpendi akifanya hivyo.

Kuna na mjomba. Mjomba ana miaka 71 na mwaka jana alizunguka ukoo mzima akijisifu kwamba amepata macho mapya, gazeti anasoma bila miwani, dua zimejibiwa. Nikamsikiliza, nikamwuliza na kuona mbali je? Akasema mbali kuna ukungu kidogo, ni umri. Tukampeleka. Mtoto wa jicho, wa aina inayoanzia katikati ya lenzi: lenzi ikiwa ngumu hivyo inamrudishia mzee kuona karibu kwa muda, kisha inafunga pazia. Ameshafanyiwa upasuaji jicho moja. Amerudi kwenye miwani ya kusomea, namba mbili na nusu, ya machinga, na amenuna kama tumemwibia muujiza wake.

Jambo moja la bure kwa mafundi wenzangu: mwanga. Mchana mlangoni mboni inajifinya, na mboni iliyojifinya inaona safi zaidi karibu na mbali. Ndiyo maana saa tano unatunga uzi bila miwani ukadhani umepona, saa mbili usiku chini ya taa moja ya dari huoni hata cherehani. Nimefunga taa ndogo ya kubana pembeni ya meza, kushoto kwangu. Kabla ya kupandisha namba, sogeza taa.

Za machinga sijaziacha. Ninao mmoja jikoni wa kuchambulia mchele, maana mchele hauhitaji mshono wa yai, na mmoja kwenye mkoba wa safari. Mwezi uliopita ule wa jikoni ulikanyagwa, na kijana wangu wa stendi siku hizi anapita mtaani na ubao wake, nikamwita. Nikachukua moja na nusu. Kabla ya kulipa nikamwambia ngoja.

Hii nilifundishwa na mwanangu, yuko kidato cha tatu. Lenzi ya kusomea imetuna katikati, ni ileile tuliyokuwa tunachomea karatasi juani utotoni tukimwibia babu. Simama ukutani upande unaotazamana na dirisha. Shika miwani sambamba na ukuta, isogeze mbele na nyuma polepole, kuna mahali ambapo nje yote inajichora ukutani, ndogo, kichwa chini: nyumba ya jirani, mwembe, kamba ya nguo, hata khanga zinapepea. Picha ikishakuwa kali, pima kutoka kioo hadi ukutani. Namba mbili inachora kwenye sentimita 50. Mbili na nusu kwenye 40. Moja na nusu kwenye 67 hivi. Mia gawa kwa sentimita, hesabu ileile.

Ile niliyochukua, kioo cha kulia 67, cha kushoto 66. Safi. Kijana alikuwa ametoa macho. "Mama, hebu tena." Nikafanya tena, akaona mwembe ukining'inia kichwa chini kwenye chokaa yangu. Akaweka ubao chini. Tukapima ubao mzima, yeye anashika miwani, mimi nashika futi, mteja aliyekuja kuchukua dera akakaa kuandika namba kwenye mfuko wa karatasi. Miwani ishirini na mitatu. Ishirini ilikuwa kama stika inavyosema, au karibu sana. Mmoja stika mbili, kioo moja na nusu pande zote. Miwili, kulia na kushoto vilipishana kwa zaidi ya robo.

Akaitoa hiyo mitatu kwenye ubao akaitia mfukoni. Akaniomba vipande vya futi kamba iliyokatika, kama ninavyo. Nilikuwa nacho kimoja, kinaanzia sentimita 20, nikamwambia awe anatoa. Akahesabu kwa vidole, akatingisha kichwa, akasema, "Mama, nipe tu ile nzima, nitakulipa kwa miwani."